Mpaka wa Ardhi Oevu Usichorwe Mezani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini mabonde ya mpunga, ukingo wake u wapi? Machi maji yametanda. Septemba udongo umepasuka. Mpaka uliopimwa kiangazi humega bonde. Uliopimwa siku ya mafuriko humnyang'anya mkulima shamba lake.

Wapo wanaodai kuwa picha za satelaiti zatosha. Ni nyenzo bora, hasa zikilinganishwa za masika na za kiangazi kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, Sentinel-2 huona kwa vipande vya mita 10, na mawingu ya masika huiziba macho.

Kwa hiyo hatuna budi kuanza na picha, kisha kushuka bondeni: kuchimba udongo, kwani uliolowa muda mrefu huwa wa kijivu wenye madoa ya kutu, kutazama matete na mafunjo, na kuwauliza wazee maji hufika wapi.

Wana-Katavi wameuona Mto Katuma ukikauka. Hawahitaji kuhubiriwa thamani ya maji. Wanachodai ni haki. Matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kigingi kupigwa. Mpaka walioshiriki kuupima, wananchi wataulinda wenyewe.