Msikimbilie Kulipima Gari kwa Kilo

Eti gari kuukuu ni takataka. Hivyo ndivyo majirani hapa Dagoretti Corner wanavyosema wakipita karibu na ua ambamo mimi na wenzangu wawili tunafungua Volkswagen ya mgongo wa kobe, ili sakafu yake, injini na ekseli tuvijengee gari dogo la wazi. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja mara tatu na mizani yake. Mwenye ploti naye ametupa hadi mwisho wa mwezi. Basi niseme kabla hatujafukuzwa: nchi inayouza magari yake kwa kilo kabla ya kuyafungua itabaki mteja milele.

Mnatucheka kwa nini? Mkokoteni uliokuletea maji mifereji ilipokauka unatembelea ekseli na magurudumu ya gari lililokufa. Mikokoteni ya punda kule Kawangware, vivyo hivyo. Nairobi imejenga vyombo kutoka kwa mizoga ya magari miaka nenda miaka rudi. Kikisukumwa na maskini, tunaita kazi. Kijana akitaka kukiwekea injini, tunaita wazimu.

Na wazo lenyewe si geni. Mwaka 1964, huko Marekani, Bruce Meyers alianza kutengeneza Meyers Manx, kigari cha ufukweni chenye bodi ya faibaglasi na mitambo ya Volkswagen kama hii yetu. Aina hiyohiyo ya gari ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, kwenye matope yetu wenyewe.

Kuna watakaosema tulishajaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikazinduliwa, tano tu, na hazikufika sokoni. Wengi wakahitimisha kwamba Mkenya hawezi. Mimi naona kwamba tulianzia kileleni. Amri ilitoka juu, pesa zikatoka juu, na pesa zilipokatika safari ikaishia hapo. Ufundi ulioanzia uani hauzimwi na bajeti.

Niliacha uhandisi mwaka wa tatu. Miaka yote hiyo darasani sikushika spana hata siku moja. Hapa uani, kufungua ndiko kusoma. Unatoa betri kwanza, unamwaga petroli, unapiga picha kabla ya kugusa nati yoyote. Kila waya unaubandika jina kabla ya kuuchomoa. Bolti za breki zina mkebe wake wa Blue Band, za usukani mkebe wake. Injini yote imeshikwa na bolti nne. Ukiishusha ndipo unaelewa kwa nini gari hili halina rejeta: linapozwa kwa upepo.

Hoja moja naiheshimu: usalama. Gari lililoungwa uani linaweza kuua, kweli. Ndiyo maana Uingereza humtaka aliyejijengea gari alipeleke kwenye ukaguzi uitwao IVA. Breki, usukani, taa na mikanda hukaguliwa, likifaulu, husajiliwa. NTSA nayo imwandikie mjenzi wa uani masharti yaliyo wazi, makali, na ada ya kulipika. Gari letu likikataliwa kwa breki mbovu, tutarudi kuzirekebisha. Ila kuchekwa hatukubali, hasa na mtu ambaye gari lake likianza kugonga anapandisha redio.

Kwa hiyo wewe mwenye gari bovu nyuma ya nyumba, usimpigie mtu wa mizani kwanza. Waite vijana wa mtaa, wape spana na Jumamosi nne. Kilo hazitakimbia. Watakachobakisha ndicho cha kupimwa.