Umepimwa nyumbani, je, dawa zipo?

Huenda mhudumu wa afya ya jamii ameshabisha hodi kwako, begi mgongoni na simu mkononi. Septemba 2023, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa zaidi ya wahudumu 100,000 vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kwa kaunti.

Faida ni kubwa. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Wengi huligundua baada ya kupatwa na kiharusi. Kabla ya kupimwa, keti kimya dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ukipata 140/90 au zaidi, usitishike wala usipuuze: nenda zahanati upimwe tena.

Tatizo huanzia hapo. Kupimwa si kutibiwa. Mgonjwa anayetumwa zahanati akaambiwa dawa zimeisha, mara ya pili hatakwenda. Posho nayo ikichelewa, mhudumu atatafuta kibarua kingine.

Kwa hivyo mfungulie mlango. Kisha muulize mwakilishi wadi wako, anayepitisha bajeti ya kaunti: zahanati yetu ina dawa?