Wanaotuchunguza Watuletee Majibu



Msimu wa karatasi za maswali umefika tena. Katika viwanda vya Thika na Ruiru, na katika mashamba yaliyo kati ya miji hii miwili, wameanza kuonekana vijana wenye mifuko ya karatasi, wakingoja langoni kwa askari. Hawa ni wanafunzi wa shahada ya uzamili, na wachache wa uzamifu, katika somo liitwalo usimamizi wa rasilimali watu. Si ajabu kwamba wanakuja kwetu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika penyewe, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko kwenye barabara hiyo hiyo iendayo Nairobi. Mwanafunzi hahitaji nauli kubwa ili ampate mfanyakazi wa kumwuliza maswali.

(Hilo neno rasilimali watu hatujalizoea. Zamani ofisi ile iliitwa ya Afisa wa Wafanyakazi, na mtu alijua anakwenda kumwona nani. Sisi tulidhani rasilimali ni maji, mbao na makaa. Lakini jina tuliache, tuseme habari ya kazi.)

Wanachama wengi wametuuliza: karatasi hizi tuzijaze au tuzikatae? Maoni yetu ni kwamba tusizikatae, lakini pia tusikubali kuzijaza kwa namna zinavyojazwa sasa.

Sababu ni hii. Katika mazungumzo ya mishahara ya kampuni moja ya huku kwetu, ambayo jina lake hatulitaji, upande wa mwajiri ulitoa mezani kitabu cha utafiti wa mwanafunzi, kizuri, chenye jalada gumu. Kitabu kilisema kwamba wafanyakazi wa kampuni ile hupenda kusifiwa na kutambuliwa kuliko kuongezwa mshahara. Wajumbe wetu wakaambiwa, "Haya ni maneno ya watu wenu wenyewe." Tulipokwenda kuwauliza hao watu wetu, tukaipata habari kamili. Karatasi ziligawanywa na nyapara, zikakusanywa na nyapara, na kila mtu alijua ni nani atakayezisoma kwanza. Zote zilikuwa kwa Kiingereza. Vibarua, ambao ndio wengi katika idara ya kufunga bidhaa, hawakupewa hata moja, kwa kuwa majina yao hayamo katika orodha ya ofisi. Tena habari ya mshahara iliulizwa mara moja tu: weka alama kutoka 1 mpaka 5, je, unaridhika? Mtu ambaye zamu yake ya usiku inapangwa na nyapara, ataweka alama gani mbele ya nyapara?

Hatusemi kwamba mwanafunzi yule alidanganya. Aliandika alichopewa. Kijana huyu ana mzigo wake: amelipa karo, mwalimu wake anamharakisha, na lazima apate barua ya chuo na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kwa sheria ya mwaka 2013. Akifika langoni, meneja humpa siku mbili na kumwambia amwachie nyapara karatasi zake. Afanye nini? Lakini ruhusa ya meneja ni ruhusa ya kuingia kiwandani tu. Ridhaa ya mfanyakazi ni mali ya mfanyakazi mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba ridhaa ya mtu juu ya habari zake itolewe kwa hiari, na kwamba akitaka anaweza kuiondoa.

Liko pia jambo la elimu yenyewe. Habari hii ya kwamba mshahara si kitu kinachomtia mtu moyo, wanafunzi wengi huichukua kwa mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, aliyetoa kitabu chake mwaka 1959. Yeye na wenzake waliwahoji watu 203 katika mji wa Pittsburgh. Watu hao walikuwa mainjinia na wahasibu. Hakuwamo mfagiaji, hakuwamo mchuma kahawa, hakuwamo kibarua wa kulipwa jioni. Na hata huyo Herzberg hakusema mshahara hauna maana; alisema ukiwa mbaya huleta uchungu kazini. Ni haki mwanafunzi kumsoma, lakini kuyatwaa maneno ya mhasibu wa Pittsburgh na kumvika mfunga maboksi wa Thika ni jambo jingine.

Sisi hatuogopi uchunguzi. Uchunguzi wa kweli umewahi kutusaidia. Mwaka 1954, katika siku ngumu za serikali ya kikoloni, Kamati ya Mishahara ya Waafrika chini ya Bwana Carpenter ilieleza waziwazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia, ikashauri uhesabiwe kwa mtu pamoja na familia yake. Viongozi wa vyama walilishika neno hilo. Tazama jinsi swali lilivyo na nguvu: ukiuliza mtu mmoja anakula nini, utapata hesabu moja, ukiuliza nyumba nzima inakula nini, utapata nyingine.

Na hapa Ruiru tunao mfano mwingine, nao ni mti wa kahawa. Watafiti wa kituo cha Ruiru walifanya kazi miaka mingi juu ya ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani, na mwaka 1985 wakatoa aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, ambayo huhimili magonjwa hayo. Mti ulichunguzwa, na mkulima akapata mche. Je, mfanyakazi akichunguzwa hupata nini? Kitabu chenyewe huwekwa maktabani, au katika mtandao wa chuo, kwa Kiingereza kigumu, na nakala moja humwendea meneja. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haitakuwa kazi kubwa kuandika kurasa mbili za Kiswahili na kuzibandika ubaoni karibu na mlango wa kantini.

Maswali ya maana hayajaisha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwenye mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Ni wangapi katika viwanda vyetu wamepita muda huo, nao bado husimama langoni alfajiri wakingoja kuitwa majina? Mama anayerudi baada ya likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu, huikuta kazi yake ile ile? Huo ndio utafiti wa usimamizi wa watu, na mwanafunzi atakayeufanya sawasawa tutampa kila msaada, hata kama majibu mengine hayatatufurahisha sisi viongozi.

Wala kazi hii si ya wenye digrii peke yao. Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 na kuwekwa kizuizini mpaka mwaka 1961, kisha akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka mwaka 1952, kitabu kilichotolewa mwaka 1969, ambacho wasomi wa vyuo vikuu bado wanakitumia. Na kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kukipa chama habari zote zinazohitajika kwa mazungumzo. Mara nyingi hatuziombi.

Basi, mwanachama akiletewa karatasi za maswali, amwite kwanza mwakilishi wa chama kazini. Zijazwe mbali na nyapara, zitiwe na mwenyewe katika sanduku lililofungwa, na vibarua wapewe zao. Asiyetaka kujaza asilazimishwe. Nakala za mapatano ya pamoja ya miaka iliyopita zimo katika kabati la ofisi yetu. Mwanafunzi anayetaka kuzisoma aje siku ya kazi kabla ya saa kumi, akiwa na kibali chake na maswali yake kwa Kiswahili.