Nani Ameuza Mechi?

Tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza Simba kwa mabao 3-0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mpira ukaisha 3-3. Mshabiki aliyekwisha kuwatambia majirani akanywea, na uchungu wake siudharau. Ninalolipinga ni neno linalotutoka upesi kila mabao yetu yanaporudishwa: "Wameuza mechi!" Ushahidi? Hakuna. Chuoni nimesahihisha mitihani mingi iliyoanza vizuri ikaishia ovyo, wala sikumwita mwanafunzi yeyote mla rushwa. Simba walicheza mpira kipindi cha pili, ndugu zangu! Mbona hilo hatulisemi? Twaona heri kumwita mchezaji wetu msaliti. Naye nyumbani ana watoto, ambao Jumatatu wanakwenda shule na jina hilo.