Muuza gari, sema yote

Congo tunapita upande wa kuume wa barabara, Uganda na Kenya upande wa kushoto. Ndiyo maana gari nyingi zinazotoka Mombasa na Kampala hadi Mahagi zinafika Bunia na volani kuume. Fundi anakata dashibodi, anahamisha volani, pedali na mabomba ya freni. Hilo si kosa. Kosa ni kupaka rangi mpya na kunyamaza.

Mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni baba aliyekimbia vita Djugu, analala Kigonze, ameuza ng'ombe waliobaki ili afanye taksi. Nani atamwambia kwamba chuma cha volani kimechomelewa? Au kwamba taa bado ni zile za kule, zinampiga machoni anayekuja mbele? Atajua akiwa njia ya Komanda, abiria wamejaa.

Mnamjibu eti angefungua macho. Macho hayaoni chini ya rangi, na nyinyi mnajua.

Andikeni kwenye karatasi ya mauzo: volani ilihamishwa, lini, na fundi gani. Nawe ndugu, usitoe hata dola moja kabla fundi wako mwenyewe hajalala chini ya gari hilo.