Imani iliyoandikwa daftarini Kuluva

Mkristo wa Pajulu anayetaka kuona imani inayofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi hana haja ya kwenda mbali. Hospitali ya Kuluva iko kama kilomita 11 kusini mwa mji wa Arua, Uganda. Ilianzishwa mwaka 1951, na ndugu wawili wamisionari kutoka Uingereza, madaktari Ted na Peter Williams, wakatibu hapo wakoma, majeruhi, na watoto waliovimba taya kwa saratani ambayo siku hizo haikueleweka.

Walisali, walihubiri, na waliandika. Mtoto mwenye uvimbe akiletwa, daftarini iliingia habari ya kijiji alichotoka na wakati ugonjwa ulipomwanza. Ni kazi inayochosha. Haina makofi wala sadaka ya shukrani, na daktari aliyechoka angeweza kuiahirisha hadi kesho bila mtu kumlaumu.

Mwaka 1961 Ted Williams alifuatana na Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, pamoja na mmisionari mwenzake Cliff Nelson. Kwa wiki 10 waliendesha gari kuukuu kama kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali waliyofika kama uvimbe ule unaonekana huko. Kumbukumbu za Nile Magharibi, eneo la Arua na Kuluva, za 1961 hadi 1965, zilizochapishwa mwaka 1967, zilionyesha kwamba wagonjwa walijitokeza kwa mafungu, wakikaribiana kwa mahali na kwa wakati. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kimataifa walipima damu ya watoto wapatao 42,000 katika eneo hilohilo, na ushahidi unaohusisha saratani hiyo na kirusi cha Epstein-Barr ukapata nguvu. Utafiti mkubwa kama huo ulikuwa na pa kuanzia kwa sababu watu wa sala waliandika kila siku.

Pajulu, ambayo tangu 2020 ni sehemu ya Jiji la Arua, haina upungufu wa ibada. Wikiendi vipaza sauti hushindana, na makesha huenda hadi alfajiri. Kusali si tatizo. Tatizo ni kwamba mahubiri mengi humwahidi muumini mgeuko wa usiku mmoja, halafu hayamwambii afanye nini asubuhi: aamke saa ngapi, ale nini, deni la dukani alilipe lini. Walokole wa kizazi kilichopita walilijua hilo. Aliyeokoka alitarajiwa kurudisha alichoiba na kupatana na jirani aliyemkosea, naye alifanya hivyo mchana, watu wakimwona.

Mwili nao umesahauliwa. Burkitt huyohuyo, mtu aliyeanza siku yake kwa Biblia na maombi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye kuwaeleza Wazungu kwamba vyakula vilivyokobolewa mno vinawaumiza, na kwamba nafaka nzima, maharagwe na mboga alivyowaona Waafrika wa vijijini wakila vina faida kubwa. Alisema hayo akiikumbuka Uganda. Leo mjini Arua kuna kijana wa kwaya anayeupita ugali wa mtama uitwao enyasa na mboga ya osubi ya mama yake, anakula chapati na soda, kisha anaombewa tumbo. Mchungaji anayeomba anafanya vema. Amuulize pia alikula nini.

Watakuwapo watakaosema kwamba Yesu mwenyewe alikesha mlimani akisali. Ni kweli. Lakini Injili hizohizo zinamwonyesha akilala usingizi chomboni katikati ya dhoruba, na akiwachukua wanafunzi waliochoka mahali pa faragha wapumzike. Kupumzika kulikuwa sehemu ya utii wake. Anayekesha Ijumaa, akafunga Jumamosi, akaimba ibada mbili Jumapili, kisha akasinzia kazini Jumatatu, anamnyima mwajiri na watoto wake haki yao, hata kama jina la Bwana liko mdomoni.

Wachungaji na mapadre wa Arua na Koboko wanaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama. Baraza la kila kanisa liwafundishe waumini kuandika mapato na matumizi ya nyumba, na washirika wakumbushane jambo hilo wanapokutana kusali. Na kesha la Ijumaa liishe saa nne usiku, ili dereva wa bodaboda anayeabudu hapo alale, na abiria wake wa Jumamosi wabebwe na mtu aliye macho.