Mji Ukae na Wenyewe: Ilani ya Wakazi wa Katikati ya Mombasa

Sisi tuliotia mkono ilani hii tunaishi, tunachuuza, tunasomesha na kusali katika kipande cha kisiwa cha Mvita kinachoanzia Fort Jesus na Bandari ya Kale, kikapita Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na Bondeni, kikatokeza Marikiti, Barabara ya Biashara na Mwembe Tayari. Wamo kati yetu wenye nyumba na wapangaji, maseremala na wauza leso, mama wanaoamka alfajiri kukaanga mahamri, mahamali wa mikokoteni, walimu wa madrasa, na vijana waliomaliza shule wasipate kazi. Leo tunaanzisha harakati yenye dai moja: katikati ya Mombasa patengenezwe, na wanaokaa hapo leo wawepo siku ya kumaliza kazi.

Hali ilivyo

Hatusemi mji uachwe ulivyo. Maji machafu yanafurika vichochoroni. Maji ya mfereji hukatika, watu wakanunua mitungi ya mikokoteni kwa bei inayomuumiza zaidi asiye na kitu. Nyaya za umeme zinaning'inia juu ya vichwa vya watoto. Moto ukizuka ndani ya mitaa, gari la zimamoto halina pa kupita. Unga wa kulevya umeangamiza vijana wetu mbele ya macho yetu. Mtu anayeuita umaskini huu utamaduni, akataka tuutunze kwa ajili ya kupigwa picha, hatutakii mema.

Kazi nayo imepungua. Tangu reli mpya ilipoanza mwaka 2017 na makasha mengi kupelekwa moja kwa moja Nairobi, waliokuwa wakiishi kwa malori, maghala na uwakala wa forodha wamepoteza riziki. Mtu asiye na pato hatengenezi paa. Uchakavu wa nyumba zetu na ukosefu wa kazi ni tatizo moja, na dawa yake lazima iwe moja.

Tunachokilinda

Msikiti wa Mandhry ulijengwa karibu mwaka 1570, kabla Wareno hawajaanza Fort Jesus mwaka 1593, na hadi leo watu wanasali ndani yake. Hapo ndipo penye thamani ya mji huu: vitu vyake vya kale bado vina kazi. Bandari ya Kale bado inapokea majahazi. Barabara ya Biashara bado ndiko leso za bibi harusi zinakonunuliwa, na leso za Mali ya Abdulla zimewavisha wanawake wa pwani nzima kwa vizazi. Baraza la nje ya nyumba bado ni mahali pa kahawa chungu, pa habari za msiba na pa kupatanisha waliogombana.

Hata ujenzi wenyewe una elimu ndani yake. Kuta nene za matumbawe hupunguza joto. Vichochoro vyembamba hutoa kivuli mchana na kuelekeza upepo wa bahari. Roshani za mbao humpa mwanamke hewa na mandhari ya njia bila kumweka hadharani. Waliojenga hivi walilijua jua la hapa, na ghorofa za vioo zinazotegemea mashine za baridi hazijawafikia kwa busara.

Mji unavyopotea

Mji hupotea kwa njia tatu, na zote tumeziona.

Njia ya kwanza ni kuachwa. Nyumba nyingi hazina mwenyewe mmoja. Babu alifariki, warithi wako Muscat, Dubai, London na Nairobi. Kila mmoja ana fungu lake, hakuna aliye tayari kutoa fedha peke yake. Kwingine nyumba ni ya huyu na kiwanja ni cha yule au cha wakfu, kwa hiyo kila mmoja anamngoja mwenzake. Mvua haimngoji mtu. Zanzibar, Beit al Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 iliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe. Ikiwa hilo halikusalimika, nyumba ya mjane wa Kuze ina salama gani?

Njia ya pili ni kutengenezwa vibaya. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Ukipigwa lipu ya saruji au kupakwa rangi inayoziba, unyevu na chumvi hukwama ndani, na jiwe huliwa pole pole nyuma ya sura nzuri. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Barabara zilibadilika sura, na wapo waliopenda. Lakini rangi haizibi paa wala haizibui mtaro, na agizo linaloanzia ofisini halijui ukuta upi unastahimili rangi ipi.

Njia ya tatu ni kutengenezwa vizuri kwa ajili ya wengine. Shela, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimetufundisha: nyumba inanunuliwa, inakarabatiwa kwa ustadi, inageuzwa kuwa ya wageni, na kodi za jirani zinapanda. Mlango wa nakshi unabaki, aliyekuwa akiufungua anahamia mbali na msikiti wake, soko lake na shule ya wanawe. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyekwisha kuhamishwa hana atakachopona.

Tunachodai

1. Kazi ianze chini ya ardhi. Mabomba ya maji, mitaro ya mvua na njia za maji machafu vitangulie. Mawe ya kupamba barabara na taa za mapambo vifuate. Mabomba ya zimamoto yawekwe ndani ya mitaa ambayo magari hayaingii.

2. Mpangaji arudi. Anayehamishwa kupisha ukarabati apewe haki ya kurudi kwa maandishi, kwa kodi anayoiweza. Penye nyumba ya mmoja na kiwanja cha mwingine, wote wawili na wapangaji wao waketi pamoja kabla ramani haijachorwa.

3. Pawe na mfuko wa ukarabati. Utoe mikopo nafuu kwa warithi waliokubaliana kwa maandishi, na sharti lake liwe chokaa, mbao na boriti zilizokatwa kwa kibali katika mikoko inayotunzwa. Fedha hizo zisomeshe vijana wa hapa hapa ufundi wa chokaa na nakshi, ili ukarabati wa mji uwe ajira ya mji.

4. Mchuuzi asifukuzwe usiku. Marikiti na Mwembe Tayari zinahitaji paa, vyoo, maji na njia za kupitia. Zijengwe kwa awamu, kila mchuuzi aandikwe kabla ya kazi kuanza, na arudishiwe nafasi yake.

5. Mwenda kwa miguu apewe njia. Barabara ya Digo na Moi Avenue ziwe na vivuko, miti ya kivuli na kando zisizoegeshwa magari. Ndia Kuu ifungiwe magari kwa saa maalumu, mikokoteni na magari ya wagonjwa yakiruhusiwa wakati wote.

6. Jengo jipya liwe na adabu ya mtaa. Hatutaki matao ya saruji yanayoiga ya kale. Tunataka kimo kisichomnyima jirani upepo, kivuli upande wa njia, baraza la kukalia na maduka madogo chini.

7. Nyumba za kulaza wageni zihesabiwe mtaa kwa mtaa na ziwekewe kikomo. Ada zao zirudi kwenye mtaa huo huo.

8. Mipango isomwe kabla ya kutiwa saini. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimetaja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Basi ramani na gharama ziandikwe kwa Kiswahili, zibandikwe sokoni, misikitini, makanisani na kwa chifu, na majibu ya wananchi yachapishwe.

Tunachoahidi

Hatudai bila kujitwisha. Tutapita mlango kwa mlango kuorodhesha nyumba, hali zake, wanaokaa na wanaomiliki. Tutawaketisha warithi wasiosemezana. Wenye nyumba walio kati yetu hawatapandisha kodi kwa sababu tu mtaro wa mbele umezibuliwa. Hatutatupa taka baharini wala kumnyamazia anayetupa. Hatutamfukuza kijana aliyezama katika unga. Tutamtafutia tiba na kazi. Hesabu za harakati zitasomwa hadharani, na hakuna chama cha siasa kitakachotumia jina letu. Na kwa kuwa vikao vya barazani huwa vya wanaume, mikutano yetu itafanyika saa na mahali ambapo wanawake wanaweza kuja na kuamua, maana wao ndio wanaojua maji yalikatika lini na choo kipi kimefurika.

Wito

Ewe mrithi uliye Oman, Ghuba au Uingereza: tuma jina la unayemwamini aketi kwa niaba yako, nyumba ya babako isianguke ukiwa hai. Makumbusho ya Taifa mnaolinda majengo, Tume ya Wakfu mnaosimamia amana za wafu: walindeni na walio hai ndani yake. Viongozi wa kaunti, njooni mtembee nasi vichochoroni mvua inaponyesha, kabla ya kupitisha bajeti. Na wewe unayelala, kuuza au kusali hapa, mwambie jirani yako, kisha mje wote wawili mwandike majina.

Mradi wowote utakaoletwa tutaupima kwa swali moja: aliyepo utakapoanza, atakuwepo utakapokwisha? Ukijibu ndiyo, tutaubeba kwa mikono yetu. Ukijibu la, tutaupinga mchana, kwa majina yetu, mpaka ubadilishwe.